Asimulie mwenyewe: jinsi ya kupokea habari za maisha za mtu mwenye ulemavu wa akili

Tarehe 21 Machi ni siku ya sindromu ya Down, 2 Aprili ni ya usonji, 6 Oktoba ni ya mtindio wa ubongo, na 3 Desemba ni ya watu wenye ulemavu kwa jumla. Siku hizo zikikaribia, Mwanza kama kwingineko, hutafutwa watu wa kutoa ushuhuda: redioni, kanisani, kwenye mkutano wa kata, kwenye makundi ya WhatsApp. Anayepatikana mara nyingi ni mama. Anasimama, anaeleza alivyojifungua, alivyozunguka hospitali na kwa waganga, baba alivyoondoka, majirani walivyosema. Mwanawe yupo pembeni na shati jipya, ana miaka 24, na hajaulizwa swali hata moja.

Maneno ya mama huyo ni ya kweli na yana uzito wake. Ila ni habari za maisha ya mama. Za kijana hazijasemwa bado, na ukumbi mzima unaondoka ukiamini umezisikia. Ndani ya nyumba moja zimo simulizi mbili, ya mlezi na ya mwenyewe. Zote zinastahili kusikika, kila moja kwa jina la msemaji wake. Mlezi akijisema, aseme "mimi". Akimsema mwanawe, aseme alichokiona kwa macho, asiseme kilichomo moyoni mwa mwanawe kana kwamba ametumwa. Makala haya yanahusu simulizi ya mwenyewe, kwa kuwa ndiyo inayokosa mtu wa kuipokea na ndiyo yenye kazi ndefu.

Tunazungumzia watu gani

Wataalamu wanapotaja ulemavu wa akili wanamaanisha mambo matatu yanayokwenda pamoja. Uwezo wa kufikiri, kujifunza na kutatua mambo umepungua kwa kiasi kikubwa. Mtu anapata ugumu katika shughuli za kila siku, kama kushika hela, kupanda daladala, kujitunza au kuelewana na watu. Na hali hiyo imeanza utotoni au ujanani. Aliyepata kiharusi akiwa na miaka 50 hayumo. Mwenye ugonjwa wa akili naye hayumo, ingawa mtaani wanachanganywa kila siku. Tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unapima ukubwa wa ulemavu huu kwa kuangalia mtu anavyomudu maisha, hautegemei namba ya kipimo cha akili peke yake.

Sababu ni nyingi: kromosomu ya 21 kuwa tatu badala ya mbili (hiyo ndiyo sindromu ya Down), mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, upungufu wa madini joto kwa mjamzito, pombe wakati wa ujauzito. Kwa wengi sababu haijulikani kamwe, na hakuna haja ya kumfanya mtu asimulie asichokijua. Swali la "ilianzaje" ni swali la mama au la daktari. Mwenyewe alikuwa mchanga.

Kwa anayepokea simulizi, la muhimu zaidi ni jinsi kila hali inavyogusa usemi. Mtindio wa ubongo huathiri misuli na mwendo. Karibu nusu ya walio nao wana ulemavu wa akili pia, wengine hawana. Mtu anayetamka kwa shida huku mate yakimtoka anaweza kuwa anaelewa kila neno unalolisema juu yake mbele yake. Mwenye sindromu ya Down kwa kawaida huelewa mengi kuliko anayoweza kutamka, na matatizo ya masikio ni ya kawaida kwao, kwa hiyo kabla ya kusema haelewi, hakikisha anakusikia. Mwenye usonji anaweza kurudia swali lako badala ya kulijibu, au akajibu bila kukutazama, usimlazimishe akutazame. Kifafa huambatana na hali hizi mara kwa mara, na dawa kama fenobabitoni huleta usingizi. Uliza nyumbani anameza saa ngapi, kisha upange mazungumzo kwa saa anazokuwa macho.

Ridhaa haiombwi kwa mama

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Ibara ya 12 ya Mkataba inasema mtu mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na anapohitaji msaada ili autumie uwezo huo, apewe. Ibara ya 22 inalinda faragha yake. Juu ya hayo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ambayo inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Kwa hiyo mtu wa miaka 30 haombewi ruhusa kwa mama yake. Mama anaheshimiwa, anaelezwa kinachoendelea, anaulizwa njia nzuri ya kuongea na mwanawe. Jibu la ndiyo au hapana ni la mwenyewe. Aliye chini ya miaka 18, mzazi akubali na mtoto naye akubali. Mmoja akikataa, kazi imeishia hapo.

Fomu ya kurasa mbili haisaidii kitu. Kinachosaidia ni karatasi kubwa, hata nyuma ya kalenda ya mwaka jana, yenye miduara mitano, mmoja ndani ya mwingine. Katikati bandika picha yake. Mduara wa pili ni watu wa nyumbani. Wa tatu ni ndugu na majirani. Wa nne ni watu wa mjini, wasiomjua. Wa tano ni kila mtu mwenye simu. Muulize habari zake ziishie wapi, na umpe kitufe au jiwe dogo aliweke mwenyewe. Wanaofanya kazi hii kwa mara ya kwanza hushangazwa na jibu: wengi hawaogopi mduara wa nne. Mgeni wa Arusha hawezi kumcheka kwenye foleni ya bomba. Jirani anaweza, na atafanya hivyo kesho asubuhi.

Tatizo ni kwamba mtandao hauna ukuta kati ya Arusha na mtaani kwake Mwanza, na hilo ni gumu kulieleza kwa maneno. Lionyeshe. Piga picha ya ndoo. Itume kwenye simu ya pili iliyo chumbani, na ya pili iitume kwenye ya tatu. Sasa futa picha kwenye simu ya kwanza mbele ya macho yake, kisha uliza: "Ndoo ipo wapi?" Akionyesha zile simu nyingine mbili, ameelewa jambo ambalo watu wengi wazima hawajalielewa. Akionyesha ndoo yenyewe, rudia kesho kwa picha nyingine. Ikishindikana kabisa, simulizi yake isivuke mduara ambao anaufahamu.

Usiulize "umeelewa?" Atasema ndiyo. Mwombe akuonyeshe au akueleze mambo manne: tutaongea habari gani, nani atazisikia, anawezaje kusimamisha, na nini kitatokea akikataa. Hilo la nne ndilo linalosahaulika. Kama anayemhoji ni mwalimu wake, au mtu wa kanisa linaloleta mchele, kukataa kunaonekana kuna bei. Atafutwe mhojaji mwingine asiyeshika chochote cha maisha yake.

Kusimamisha kuwe na kadi nyekundu, na kadi ifanyiwe mazoezi kabla ya kazi yenyewe. Mhojaji anaanza kuimba. Mwenye kadi akiinyanyua, anakata papo hapo, hata katikati ya neno. Wafanye hivyo mara tatu nne. Mtu ambaye maisha yake yote amepelekwa tu, akiambiwa kaa, simama, twende, hawezi kuamini kwamba kadi ile inafanya kazi mpaka aione ikifanya kazi. Kisha uache walau usiku mmoja upite kati ya kueleza na kurekodi.

Maswali: kwa nini "ndiyo" haitoshi

Mwaka 1981 Carol Sigelman na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba watu wenye ulemavu wa akili, wakiulizwa maswali ya ndiyo au hapana, huelekea kujibu ndiyo, hata pale swali la pili linapopinga la kwanza. Sababu zinaeleweka. Swali ni refu, na "ndiyo" inalimaliza. "Ndiyo" inamfurahisha mkubwa. Kwetu kuna la ziada: mtoto anayemwambia mkubwa "hapana" huhesabiwa hana adabu, na watu hawa wanalelewa kama watoto mpaka wanaota mvi.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mwanamke wa miaka 31, tumwite Kulwa, ana ulemavu wa akili na anaanika dagaa kwenye mwalo mmoja, yaani ufukwe wa ziwa mitumbwi inapotua, pamoja na pacha wake, Doto. Mhojaji ameketi naye sebuleni:

"Kulwa, unapenda kazi ya dagaa?"
"Ndiyo."
"Unachoka?"
"Ndiyo."
"Lakini huwa huchoki sana, eeh?"
"Ndiyo."

Hapo hakuna kilichopatikana, na mhojaji mwenye haraka ataandika kwamba Kulwa anaipenda kazi yake na haichoshi. Sasa mhojaji mwingine, siku nyingine, kwenye chanja lenyewe:

"Shikamoo dada Kulwa. Hivi ni nini?"
"Marahaba. Dagaa. Nageuza."
"Ukishageuza?"
"Naokota uchafu. Nafukuza kunguru."
"Halafu?"
"Mvua ikija nabeba. Peke yangu. Doto anakimbia."
"Hela anashika nani?"
"Mama mdogo."
"Na wewe?"
"Soda."

Tazama yaliyobadilika. Mazungumzo yamehamia mahali pa kazi, mikono ikishika kinachosemwa, kwa hiyo kumbukumbu haikubebeshwa mzigo wote. Maswali ni mafupi na yanafuata mpangilio wa kazi yenyewe. Na Kulwa amepewa shikamoo. Kijana wa miaka 20 anayemwambia mwanamke wa miaka 31 "mambo, mtoto mzuri" amekwisha kumpangia nafasi ya kujibu kama mtoto. Vivyo hivyo anayemgeukia ndugu na kuuliza "huyu anakula vizuri?" wakati Kulwa yupo palepale. Vijijini Misungwi au Magu, asubuhi ianze kwa "mwangaluka" kama ndivyo wanavyoamkiana nyumbani kwake. Kama anawaza kwa Kisukuma, aongee Kisukuma. Mkalimani awe mtu asiye wa nyumba yake, na aonywe mapema: "soda" itafsiriwe soda, isitafsiriwe "ananyanyaswa".

Maana bado hatujui hiyo soda ni nini kwake. Inaweza kuwa malalamiko. Inaweza kuwa sehemu bora ya siku yake. Mhojaji asilidakie neno hilo akaanza kuuliza kwa nguvu. Arudi siku nyingine na noti, sarafu, chupa ya soda na picha za watu wa nyumbani, aone Kulwa anampangia nani kitu gani, kisha amwachie aeleze ingekuwaje kama angepanga yeye.

"Kwa nini" ni swali gumu kuliko linavyoonekana. Linadai sababu, na masikioni mwa mtu aliyezoea kukemewa linafanana na kukemewa. "Ilikuwaje?" inafika mbali zaidi. "Lini" nayo haifai peke yake; ifungie kwenye tukio: kabla ya masika au baada, Krismasi, Idi, ulipoacha shule, bibi alipofariki. Kwa watu wa mwaloni mbalamwezi ni kalenda tosha, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza na mitumbwi hupumzika mwezi ukiwa mkubwa. Siku hizo za mapumziko ndizo nzuri kwa mahojiano pia, kwa kuwa dagaa wanaosubiri kuanikwa ni wachache.

Swali la "hii au ile" lina mtego wake: wengi huchagua lililotajwa mwisho. Liulize tena baadaye kwa kugeuza mpangilio. Majibu yakitofautiana, huna jibu bado. Na ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kama hajajibu, rudia maneno yaleyale, kwa sababu ukilipindua swali kwa maneno mapya, anaanza kulielewa upya tangu mwanzo. Hapa ndipo wahojaji wengi wanapoharibu: hawavumilii ukimya, wanajibu wenyewe, kisha wanapata "ndiyo". Dakika 20 hadi 30 pamoja na mapumziko zinatosha kwa siku moja.

Asiyeongea

Kutoongea hakumnyimi mtu la kusema. Kwanza jua ndiyo na hapana zake. Muulize jambo ambalo jibu lake linajulikana, hata la uongo wa wazi kama kumwita kwa jina la ndugu yake, uangalie kichwa, mkono, macho au sauti vinafanya nini. Fanya hivyo mara kadhaa kabla ya kuamini.

Njia iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stirling, Uskochi, miaka ya 1990 kwa jina la Talking Mats ni rahisi kuiga kwa vifaa vya hapa. Tandika kipande cha mkeka au kitambaa cha rangi moja. Kitenge chenye maua kinavuruga macho. Juu weka alama tatu: napenda, katikati, sipendi. Katuni za sura hazieleweki kwa wote, na picha yake mwenyewe akicheka na akinuna hufanya kazi vizuri zaidi. Kisha mpe picha moja moja za mambo ya maisha yake: kitanda chake, bodaboda, mjomba, uji, darasa, ziwa. Picha za simu zilizosafishwa kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 zinatosha. Swali ni moja tu, "unaonaje hii?", naye anaiweka anapotaka.

Anza na kitu kimoja unachojua anakipenda na kimoja anachokichukia, kwa mfano dawa chungu. Dawa ikienda upande wa "napenda", simamisha: hajaelewa mkeka, na yote yatakayofuata hayana maana. Angalia pia mkono. Mwenye mtindio wa ubongo anayetumia mkono wa kulia pekee anaweza kurundika kila kitu kulia kwa kuwa ndiko anakofika. Siku ya pili badilisha pande. Asiyetumia mikono, shika picha mbili mbele ya uso wake zikiwa zimeachana kama sentimita 40, ufuate macho yanapotua na kukaa. Mwisho piga picha ya mkeka mzima. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya mazungumzo.

Kwa wenye ulemavu mzito sana, ambao hata mkeka hauwezekani, kinachofaa ni daftari la walezi: nini kilitokea, yeye alifanya nini, kwa muda gani. Daftari kama hilo humsaidia mwalimu mpya na muuguzi wa zamu kuliko hotuba yoyote. Wapo wanaoliandika kwa "mimi": "Mimi nafurahi nikiogeshwa na shangazi." Tunashauri wasifanye hivyo. "Shangazi akimwogesha, anatulia na kutoa sauti ndogo" ni kweli iliyoonekana, na inamwachia msomaji nafasi ya kuona tofauti siku nyingine.

Kurekodi

Hapa mambo ni machache. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Kipaza sauti cha simu nyingi kipo chini, kwa hiyo upande huo umwelekee msemaji, sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni. Rekodi asubuhi, mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu na huzidi alasiri, nao unameza sauti dhaifu. Kipande cha sponji ya godoro kilichofungwa chini ya simu hupunguza mvumo. Chini ya bati mvua ikianza, acheni. Sauti ya kawaida ya m4a huchukua kama MB 1 kwa dakika. Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp: ukiachia kidole tu, habari za mtu zimeshaondoka kabla hajazisikia.

Mpe nauli na chakula, na kiasi kisemwe mapema, kilekile kwa kila mtu. Malipo yakipanda kadiri simulizi inavyohuzunisha, utaletewa huzuni.

Yakijitokeza mazito

Watu wenye ulemavu wa akili wako kwenye hatari kubwa ya kudhulumiwa kingono, na mara nyingi anayewasikiliza kwa makini kwa mara ya kwanza ndiye anayeambiwa. Akisema "mjomba ananishika", acha maswali. Mwambie: "Asante kwa kuniambia. Hujakosea." Usiulize mara ngapi, wapi, ulivaa nini, maswali hayo yana watu wake, na yakiulizwa vibaya yanaharibu ushahidi. Usiahidi siri. Usimkabili mjomba wala usiwasikilizishe ndugu ile sauti. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na saa na tarehe, na siku hiyohiyo uende kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako fomu ya PF3, ya kwenda nayo hospitali, hutolewa. Tukio likiwa la karibuni, hospitali isisubiri: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bure. Sehemu hiyo ya simulizi haichapishwi, hata kama mwenyewe amekubali wakati ule.

Kuhariri bila kumnyang'anya

Hatua hii ndiyo inayowapoteza watu wenye nia njema. Wakimwandika Kulwa, anatoka hivi: "Mimi ni msichana mwenye ndoto kubwa. Licha ya ulemavu wangu, nimeshinda changamoto nyingi." Hakusema ndoto. Hakusema changamoto. Alichosema kinatosha: "Nageuza dagaa. Naokota uchafu. Nafukuza kunguru. Mvua ikija nabeba peke yangu. Doto anakimbia." Mvua na Doto anayekimbia vinaonyesha nani anategemewa pale mwaloni, na ni yeye aliyevichagua. Kata kigugumizi na marudio yasiyoongeza kitu, lakini jambo alilolirudia mara tano kwa siku mbili tofauti liache, maana analisisitiza. Kiswahili chake kisinyooshwe kiwe cha darasani. Maswali yaliyoulizwa yaonekane au yatajwe, ili msomaji ajue kipi kilijitokeza chenyewe na kipi kiliulizwa.

Kisha asomewe yote, dakika mbili mbili. Njia nzuri ni kuandika kila sentensi kwenye kipande chake cha karatasi pamoja na picha ndogo, naye aweke vinavyobaki upande mmoja na vinavyotoka upande wa pili. Akitoa kipande ambacho mwandishi anakipenda kuliko vyote, kimetoka.

Kuna watu wengine ndani ya simulizi. Mama mdogo anayeshika hela atajitambua, na Kulwa analala kwake. Sentensi ya soda ikisomwa redioni inaweza kumgharimu Kulwa godoro. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha, ongea naye kuhusu kesho yake nyumbani kwa picha za watu na nyumba: mama mdogo akisikia, itakuwaje? Pengine sentensi itoke kwenye makala na iende mahali inapoweza kufanya kazi, kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji au mtaa, ambayo Sheria ya 2010 imeiweka kwa ajili ya mambo ya aina hii.

Kubadilisha jina peke yake hakumfichi mtu mwaloni. "Pacha mwenye ulemavu anayeanika dagaa" ni jina kamili kwa kila anayepita pale. Badilisha mwalo, kazi, hata upacha, kisha ukiri chini kwamba baadhi ya mambo yamebadilishwa ili kumlinda. Kanda ya Ziwa ina sababu ya kuwa makini kuliko wengine. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yalionyesha habari za mahali anapoishi mtu zinavyoweza kumfikia anayezitafuta kwa nia mbaya. Zima utambuzi wa mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga picha. Picha inayotumwa WhatsApp kama hati hubaki na taarifa hizo ndani yake. Tazama na nyuma ya mtu: sare ya shule, bango la kanisa, namba ya mtumbwi. Na zipo picha ambazo hazitoki kwa ruhusa ya yeyote: mtu akiogeshwa, akibadilishwa nguo, akiwa kwenye degedege. Mtoto wa miaka sita leo atakuwa na simu yake siku moja, au wenzake watakuwa nazo.

Kinachobaki mkononi mwake

Apewe nakala anayoweza kuitumia. Kwa asiyesoma, ni sauti kwenye memori kadi pamoja na mtu wa kumwashia asikilize, au albamu ya picha kumi na mbili. Kwa anayesoma kidogo, herufi za ukubwa wa 14 au zaidi, wazo moja kwa kila sentensi, picha kushoto na maneno kulia. Albamu asome na nani ni juu yake.

Mhariri abaki na orodha ya kila mahali simulizi ilipokwenda: kundi gani, kituo gani cha redio, tarehe gani, nani ana faili. Bila orodha hiyo, ahadi ya "unaweza kubadili mawazo" haitekelezeki. Baada ya mwezi mmoja arudiwe, na baada ya mwaka arudiwe tena, asikilizishwe sauti yake na aulizwe kwa vipande vilevile vya karatasi kama bado anataka isikike. Akisema itoke, hutolewa kwenye kila mahali palipoandikwa kwenye orodha, siku hiyohiyo, bila kuulizwa sababu. Nakala zilizokwisha kupita kwenye simu za watu hazirudi, na aambiwe hivyo kwa maneno mafupi, kwa ile picha ya ndoo kama ndiyo anayoikumbuka.